Filamu ya taa za mbele: kwa nini ukingo wa taa ya kulia unanyanyuka na wa kushoto umetulia?

#1 Mkazi wa Ilazo
Wakuu, habari. Gari ni Premio, taa za plastiki, zilikuwa zimeanza umanjano. Zikasuguliwa kwa msasa namba 1000, 1500, 2000 na 3000, kisha zikabandikwa filamu ya TPU (plastiki inayonyumbuka kama mpira) ya maikroni 190 hivi. Kazi ilifanyika uani, kwa maji ya bomba na sabuni. Leo ni wiki ya tatu. Ya kushoto imetulia kama imezaliwa nayo. Ya kulia ukingo wa juu, ule unaokaa chini ya boneti, umenyanyuka urefu wa kidole na vumbi limeshaingia. Katikati kuna vipovu kumi na kitu visivyosogea.
Roli moja, siku moja, mikono ile ile. Kwa nini upande mmoja tu? Na ukingo huo unarudishika?

#2 Fundi Tinti
Haurudishiki. Gundi ya filamu hizi ikishakula vumbi imekufa pale ilipokula. Ukiipasha moto na kuikandamiza itashika siku mbili halafu inanyanyuka tena, safari hii na eneo kubwa zaidi. Chukua wembe mpya, kata ile sehemu iliyonyanyuka tu, na pembe uzifanye za mviringo. Pembe kali ndiyo inayoanza kubanduka. Wembe uugusishe filamu, usiukandamize hadi kwenye plastiki, maana mkwaruzo wa wembe kwenye kioo cha taa ndipo ufa unapoanzia.

Sababu naiona moja: filamu ilivutwa mno. TPU ina kumbukumbu. Ukiivuta ipite kwenye mkunjo na ikashika ikiwa imevutika, inatumia kila saa ya joto kutaka kurudi ilivyokuwa. Kona ya juu ya taa ya Premio ina mikunjo miwili inayokutana. Upande wa kulia ulianza au ulimalizia?

#3 Zabibu Nyeupe
Mkuu Fundi nakuheshimu, lakini hapa Dodoma kabla hujafika kwenye kuvuta lazima upite kwenye vumbi. Uani, bila ukuta wa kuzuia upepo, kuanzia Juni mpaka Septemba? Filamu ikishatolewa karatasi yake ya mgongoni ina umeme wa kuvuta vumbi, inalinyonya kutoka hewani. Ukingo ndio unaoshikwa na vidole na ndio unaoning'inia hewani muda mrefu kuliko sehemu nyingine. Mimi naweka vumbi namba moja.

#4 Msasa 2000
Kabla hamjaenda mbali, tuna uhakika ni TPU? Sokoni kila kitu kinachong'aa kinaitwa TPU. Nyingi ni PVC, plastiki ngumu kiasili iliyolainishwa kwa kilainishi. Kilainishi kikitoka kwa joto la jua, PVC inakakamaa na kusinyaa, na inayosinyaa inaanza kuachia ukingoni.

Kipimo: chukua kipande kilichobaki, upana wa kidole, kivute mpaka kiongezeke nusu ya urefu wake, kiachie. TPU inarudi karibu yote. PVC inabaki ndefu au inaweka weupe pale ilipovutwa. Kama bado una shaka, pasha waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, ugusishe kwenye filamu, rudisha waya kwenye moto. Moto ukiwa wa kijani, hiyo ni PVC. Fanya nje, kipande kiwe cha ukubwa wa punje ya mchele, na usivute moshi wake, una asidi.

#5 Mkazi wa Ilazo
Asante. Kipande kimevutwa kutoka sentimita 10 hadi 15, kimerudi 10 na kidogo. Waya: moto wa kawaida, hakuna kijani.
@Fundi Tinti, ulianza wa kushoto, wa kulia ukamalizia.

#6 Fundi Tinti
Basi ni TPU. Na wa kulia ulifanywa mchana jua limepanda, si ndiyo? Plastiki ikiwa ya moto, gundi inashika ikigusa tu, huwezi kuinyanyua kupanga upya, ndipo mtu anapoanza kuvuta kwa nguvu. Kazi hii uianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo haujaamka, na saa tatu uwe umemaliza taa zote mbili. Kwa Juni na Julai subiri kidogo, asubuhi inashuka mpaka nyuzi 13 au 14, gundi inakuwa kavu na haishiki. Ukigusa kioo cha taa kisiwe baridi wala moto.

#7 Binti Makulu
Mmeruka maji. Kasema maji ya bomba. Maji ya hapa yanatoka ardhini, sehemu kubwa visima vya Makutupora, yana chumvi nyingi. Angalieni birika zenu ndani. Maji yanapokauka chini ya filamu, chumvi inabaki. Vipovu "visivyosogea" si hewa, ni chembe za chumvi zimesimamisha filamu kama nguzo za hema.

#8 Msasa 2000
@Binti Makulu chumvi inaacha doa jeupe la duara, hiyo kweli, na ni mbaya ukiwasha taa usiku. Ila mkono mzuri unasukuma maji karibu yote nje, kinachobaki ni utando mwembamba. Utando huo hauna chumvi ya kujenga nguzo. Zaidi ya hapo, maji yalikuwa yale yale pande zote mbili.

#9 Binti Makulu
Ndoo moja, ndiyo. Lakini ndoo iliyokaa juani tangu asubuhi, chupa ya kupulizia inachovywa mara kumi, mchanga wa msasa umo ndani, na taa ya pili ndiyo inayopata maji ya mwisho. "Maji yale yale" hayakuwa yale yale tena.

#10 Dereva wa Mtera
Mafundi mnazungumza uani tu. Gari linatembea wapi? Tunaendesha kushoto. Taa ya kulia ndiyo inayopishana na malori. Barabara ya Morogoro kupitia Kibaigwa na Gairo, malori usiku na mchana, kila lori linakupiga na wingu la mchanga. Angalieni gari lolote la miaka mitatu hapa mjini: kioo cha taa ya kulia kina vidonda vingi kuliko cha kushoto. Ukingo uliobaki wazi hata nusu milimita, mchanga unaingia kwa kasi ya magari mawili yaliyojumlishwa.

#11 Zabibu Nyeupe
Lakini ule ukingo uko chini ya boneti, mkuu. Mchanga wa lori unapiga uso wa taa.

#12 Dereva wa Mtera
Upepo unaopiga uso wa taa unapanda juu na kuingia kwenye mwanya wa boneti. Fungua boneti baada ya safari uone vumbi limelala wapi.

#13 Nyuzi Sita Kusini
Jua nalo lihesabiwe. Dodoma iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, mwinuko zaidi ya mita 1,100. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na kiangazi kirefu hakina mawingu. Mionzi ya urujuanimno inaongezeka takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo taa ya gari la hapa inachomwa kuliko ya Dar, hata kama Dar ndiko unakotoka jasho.

Swali kwa mwenye uzi: gari linaegeshwa likitazama wapi? Likitazama kaskazini kila siku, taa ya kulia iko mashariki. Likitazama kusini, ya kulia ndiyo inayopigwa na jua la alasiri, na hilo ndilo linalochosha gundi, maana bati limeshapata moto wa mchana kutwa.

#14 Mkazi wa Ilazo
Linatazama kusini, ukuta uko upande wa kushoto na kivuli chake kinafunika taa ya kushoto asubuhi.

#15 Nyuzi Sita Kusini
Mimi nimemaliza.

#16 Fundi Tinti
Hujamaliza, kaka. Jua hilo hilo linapiga taa za magari yaliyobandikwa vizuri miaka minne na kingo zimelala. Jua linafichua kosa ambalo tayari lipo.

#17 Kijana wa Nkuhungu
Samahani, naingilia. Gharama yote hii ya nini wakati dawa ya meno inasafisha taa? Na ile dawa ya kupaka ya mbu inatoa umanjano dakika moja tu.

#18 Msasa 2000
Mdogo wangu, ishia hapo kabla hujapaka. Dawa ya meno ni msasa laini sana, inang'arisha juu na haiachi kinga yoyote, umanjano unarudi. Dawa ya mbu ni balaa: kiambato kinachofukuza mbu, DEET, kinayeyusha polikaboneti, yaani plastiki ya kioo cha taa. Unachokiona kinang'aa ni plastiki iliyolainika ikajilaza. Baada ya muda inaweka nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, na hizo hazisuguliki. Thina na petroli hali kadhalika. Mafundi wengi wa rangi wanafuta taa kwa thina "kidogo tu", halafu mwenye gari anashangaa ufa.

Na uelewe umanjano unatoka wapi. Taa ikitoka kiwandani ina koti gumu la juu linalozuia mionzi. Koti likichoka, mionzi inaila polikaboneti yenyewe. Ukisugua kwa msasa umeondoa koti bovu pamoja na zima. Taa iliyosuguliwa ikaachwa hivyo iko uchi, itarudi kuwa ya njano haraka kuliko mwanzo. Ndiyo maana lazima ipate filamu au klia (rangi angavu ya juu) yenye hadina, dawa ya kuikausha iwe ngumu.

#19 Kijana wa Nkuhungu
Nimeelewa, shukrani. Basi Fundi tuwekee hatua zote mahali pamoja.

#20 Fundi Tinti
Sawa. Naandika kwa taa mbili za gari dogo.

Vifaa: filamu ya TPU ya taa, si ya tinti ya vioo vya madirisha. Ile ya madirisha ni plastiki isiyonyumbuka, kwenye mkunjo wa taa itaweka mikunjo kama kanga. Chupa mbili za kupulizia, raba laini ya kusukumia maji, wembe mpya, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, vitambaa viwili visivyotoa nyuzi, drai ya nywele. Mashine ya moto ya mafundi usiitumie kama hujazoea, inapita nyuzi 500 na polikaboneti inaanza kulainika kwenye 140 na kitu.

Maji ya kuteleza: lita moja ya maji safi, shampuu ya mtoto matone manne au matano. Usitumie sabuni ya vyombo wala ya unga, na usimimine kwa makisio. Maji yakitoa povu zito yamezidi sabuni, na sabuni iliyozidi inabaki kati ya gundi na plastiki. Maji ya kushika: spiriti ya isopropili ya asilimia 70, kipimo kimoja kwa vipimo vitatu vya maji.

Kabla ya yote, bandika tepu kwenye bati kuzunguka taa, msasa usile rangi. Kama koti linabanduka anza na 800, kama ni umanjano mwepesi anza na 1000. Maji yatiririke muda wote. Uji unaotoka mwanzo ni wa njano. Endelea mpaka utoke mweupe mtupu, hapo koti bovu limekwisha. Kila ukibadilisha namba badilisha mwelekeo, wa kwanza mlalo, wa pili wima, ili uone mikwaruzo ya namba iliyopita imefutika. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanakimbilia 3000 wakati mistari ya 1000 bado ipo, na filamu haiwezi kuificha. Mwisho wa 3000 taa iwe na ukungu sawasawa kote. Ukiilowesha na ikaonekana angavu, gundi ya filamu nayo itaijaza hivyo hivyo.

Osha taa, mwanya wa boneti na mwanya wa bampa. Vumbi la kwenye mianya ndilo linalotiririka na maji na kuingia chini ya filamu. Acha boneti wazi. Mwaga maji uwanjani mita mbili kuzunguka gari yalalishe vumbi. Futa kioo kwa spiriti.

Kata umbo kwa karatasi kwanza, uongeze sentimita 2 kila upande. Pulizia kioo, pulizia vidole, pulizia upande wa gundi huku ukibandua karatasi ya mgongoni. Laza, iteleze mpaka ikae katikati. Shikiza katikati kwa raba, mstari mmoja wa mlalo. Kisha toka katikati kwenda juu, katikati kwenda chini, kila pigo lipitie nusu ya pigo lililopita. Ukifika kwenye kona iliyopinda, nyanyua, pulizia maji ya kushika, pasha kwa drai mpaka filamu iwe laini mkononi, ivute taratibu kwenda nje na isizidi kinachohitajika kuondoa mkunjo, ishike hapo ukihesabu mpaka kumi. Ukiona mkunjo unaokataa, uache ufike ukingoni, utaukata huko. Usiulazimishe.

Kukata: acha milimita 2 hadi 3 kabla ya ukingo wa taa. Filamu ikivuka ukingo inashikwa na boneti au bampa. Mwisho pasha kingo zote tena na uzikandamize kwa kitambaa.

Usioshe gari siku saba. Baada ya hapo mashine ya maji ya presha ikae zaidi ya nusu mita, na isielekezwe kwenye ukingo.

#21 Zabibu Nyeupe
Hapo kwenye milimita 2 hadi 3 ndipo jibu lilipo. @Mkazi wa Ilazo ulikata wapi?

#22 Mkazi wa Ilazo
Kwa juu filamu imefika mpaka mwisho wa kioo, pande zote mbili.

#23 Zabibu Nyeupe
Basi mpira wa boneti unaigusa. Paka chaki kwenye ukingo wa juu wa taa zote mbili, funga boneti, fungua, angalia.

#24 Binti Makulu
Narudi kwenye maji. Asiye na maji ya mvua atumie ya chupa, lita moja inatosha kazi nzima, au maji yaliyochujwa chumvi yanayouzwa madukani kwa ajili ya betri.

#25 Msasa 2000
Jamani hapo kwenye maji ya betri muwe makini! Dukani ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa ya kuongezea, ambayo ni maji matupu, au ya kuanzishia betri mpya, ambayo ni asidi ya salfa. Soma chupa. Ya pili ikigusa mkono au jicho ni hospitali.

#26 Binti Makulu
Asante kwa kunirekebisha, nilipaswa kulisema.

#27 Mpima Ardhi
Kuhusu vipovu, hakuna aliyetaja kwamba polikaboneti yenyewe inatoa hewa. Inanyonya unyevu, na ikisuguliwa kwa maji muda mrefu bila koti lake inanyonya zaidi. Ukiifunika siku hiyo hiyo na jua likaipasha, unyevu unatoka na kukwama chini ya filamu. Wanaobandika stika kwenye mabango ya polikaboneti wanalijua tatizo hili. Suluhisho ni kusugua leo, kukausha, na kubandika kesho asubuhi.

Kutofautisha: chukua kipovu kimoja, kiangalie kwa tochi ya simu kwa ubavu. Chenye nukta katikati ni chembe, chumvi au mchanga. Kinachobadilika umbo ukipasha kwa drai na kukibonyeza ni maji, kiache, TPU inapitisha mvuke na kitakauka. Kisicho na nukta na kinachorudi pale pale ni hewa. Hicho kitoboe kwa sindano ya insulini, uilaze karibu sambamba na filamu, usukume hewa kuelekea tundu.

#28 Fundi Tinti
Kukausha usiku mzima nakubali, nalichukua. Ila TPU ikipitisha mvuke, kwa nini unyevu wa plastiki ukwame?

#29 Mpima Ardhi
Inapitisha polepole. Jua la saa saba linatoa mvuke haraka kuliko filamu inavyoweza kuupitisha.

#30 Kijana wa Nkuhungu
Na zile filamu nyeusi au za moshi kwenye taa? Zinapendeza sana.

#31 Dereva wa Mtera
Usiweke. Njia ya Iringa usiku kuna ng'ombe, punda na baiskeli zisizo na taa. Filamu inayopitisha nusu ya mwanga imekuachia nusu ya taa, na balbu ya kawaida ya wati 55 haina cha kupoteza. Askari naye atakusimamisha, na atakuwa na haki.

#32 Mwenye Mkonge
Land Cruiser ya zamani yenye taa za kioo halisi inahitaji?

#33 Msasa 2000
Umanjano haina, kioo hakiliwi na jua. Inahitaji kwa ajili ya mawe tu, na pale filamu nene inasaidia kweli. Kuisugua kwa msasa usithubutu.

#34 Mkazi wa Ilazo
Mrejesho. Chaki: mpira wa boneti umeacha alama taa zote mbili, ya kulia na ya kushoto, urefu karibu sawa. Vipovu: 13. Vyenye nukta 5, vinavyobadilika umbo 2, vinavyorudi pale pale 6.

#35 Binti Makulu
Vitano vyenye nukta ni vyangu.

#36 Mpima Ardhi
Na sita ni vyangu.

#37 Zabibu Nyeupe
Mpira unagusa pande zote mbili lakini upande mmoja tu ndio ulionyanyuka. Basi mpira unahitaji msaada wa jua au wa kuvutwa. Mpaka hapo siondoki kwenye vumbi.

#38 Fundi Tinti
@Mkazi wa Ilazo, ukirudia ya kulia: ibandue ikiwa na joto la kushikika kwa mkono, uivute ikiwa imelala karibu na kioo, si kuelekea juu, polepole. Gundi ikibaki, paka mafuta ya kupikia, acha dakika kumi, sugua kwa kidole, osha kwa sabuni, malizia na spiriti ya isopropili mara mbili. Spiriti ya buluu ya dukani iache, huwa na methanoli, na hiyo na polikaboneti hazipatani. Ya kushoto usiiguse, ila punguza milimita 3 za juu.

#39 Mkazi wa Ilazo
Sawa mkuu. Kimebaki kipande cha sentimita 30 kwa 45. Taa inapima 27 kwa 41 ukifuata mkunjo kwa uzi. Kinatosha?

#40 Fundi Tinti
Urefu umetimia: 41 na 2 kila upande ni 45. Upana unataka 31, umepungukiwa na moja. Weka 2 upande wa juu, kwenye mikunjo unakohitaji pa kushika, na 1 upande wa chini ulionyooka. Sugua Ijumaa jioni kwa 3000 tu kuondoa uchafu wa gundi, bandika Jumamosi asubuhi, maji ya chupa. Na gari uligeuze, liegeshwe likitazama kaskazini.

#41 Nyuzi Sita Kusini
Likigeuzwa, ukuta utakuwa upande wa kulia na kivuli kitaifunika taa ya kulia. Hatutajua kama ni maji, ni mkono au ni jua.

#42 Fundi Tinti
Kweli. Liache linavyotazama sasa.